Kamera kooni: Kifaa kipi kinamfaa mgonjwa mwenye unene uliokithiri?

MGONJWA anapolazwa juu ya meza ya upasuaji na kupewa dawa ya usingizi, ile ijulikanayo kwa wengi kama nusu kaputi, hofu ya ndugu walio nje kwa kawaida huwa juu ya kisu cha daktari. Ni wachache wanaozifikiria dakika zinazotangulia kisu hicho, ambazo mtaalamu wa usingizi huzitumia kupitisha mpira wa kupumulia kutoka kinywani hadi ndani ya bomba la hewa.

Kwa mtu mwenye unene uliokithiri, dakika hizo ni miongoni mwa zile zenye hatari kubwa katika safari yake yote ya upasuaji. Mpira ukichelewa kuingia, oksijeni mwilini hushuka kwa kasi. Ukiingia kwenye umio, yaani njia ya chakula, na kosa hilo lisigundulike mapema, mgonjwa anaweza kupoteza maisha kabla upasuaji haujaanza.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, viwanda mbalimbali duniani vimetengeneza vifaa vyenye kamera ndogo vinavyomwezesha mtaalamu kuona ndani ya koo kupitia skrini. Vifaa hivyo, viitwavyo laringoskopu za video, vimekwishathibitisha manufaa yake. Hata hivyo, haviko sawa, na kinachofaa katika hospitali kubwa ya Ulaya si lazima kiwe bora kwa hospitali ya ngazi ya wilaya nchini Tanzania.

Suala hilo linaugusa mji kama Kondoa, ulioko takriban kilomita 160 kaskazini mwa Jiji la Dodoma. Barabara ya lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa Aprili 2018, imerahisisha sana safari ya kumfikisha mgonjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma au Hospitali ya Benjamin Mkapa. Lakini mama mjamzito anayetokwa na damu nyingi, au majeruhi wa ajali aliyepasuka utumbo, hawezi kila mara kuisubiri safari hiyo.

Unene si tatizo la mijini pekee

Unene hupimwa kwa kugawanya uzito wa mtu kwa kilo na urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Anayefikisha 25 huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, 30 ni unene, na 40 au zaidi ni unene uliokithiri. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105 ana kipimo cha 41.

Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa wanawake 28 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kati ya hao 28, wapatao 10 walikuwa wamefikia kiwango cha unene. Idadi hiyo ni kubwa zaidi mijini kuliko vijijini, lakini wilaya nazo hazijasalimika.

Umri huo ndio wa kuzaa, na upasuaji wa kumtoa mtoto ni miongoni mwa upasuaji unaofanyika kwa wingi katika hospitali za wilaya. Utafiti uliohusisha wanawake 3,684 waliojifungua kwa upasuaji katika nchi 22 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2019, ulibaini kuwa takriban watano kati ya kila 1,000 walifariki dunia. Kiwango hicho ni karibu mara 50 ya kile cha nchi tajiri, na matatizo yanayotokana na dawa ya usingizi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo.

Kwa nini koo la mtu mnene ni gumu

Tatizo la kwanza ni akiba ya hewa. Kabla ya kulazwa usingizi, mgonjwa huvutishwa oksijeni safi kwa dakika kadhaa ili mapafu yake yawe na akiba ya kutumia wakati amesimama kupumua. Mafuta ya tumboni na kifuani huisukuma juu misuli itenganishayo kifua na tumbo, hivyo mapafu husinyaa na akiba hupungua. Wakati huo huo, mwili mkubwa hutumia oksijeni nyingi zaidi.

Kwa makadirio yanayotumika sana katika mafunzo ya fani hiyo, mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 70 anaweza kukaa takriban dakika nane bila kupumua kabla oksijeni katika damu yake haijashuka hadi asilimia 90. Mwenye kilo 127 hupata chini ya dakika tatu.

Tatizo la pili ni umbo. Mafuta ya shingoni, ulimi mnene, kifua kikubwa na matiti makubwa huzuia kichwa kuinama nyuma na kifaa kuingizwa kinywani kwa pembe inayotakiwa. Katika utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2003, wagonjwa wanene takriban 15 kati ya 100 walikuwa wagumu kuwekewa mpira, wakati kwa wasio wanene walikuwa wawili tu.

Hata hivyo, uzito peke yake hautabiri kila kitu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani waliochunguza wagonjwa 100 wenye unene uliokithiri mwaka 2002 walibaini kuwa kipimo cha shingo kina uzito zaidi kuliko kilo za mwili. Mwenye shingo ya sentimita 40 alikuwa na uwezekano wa asilimia tano wa kuwa mgumu kuwekewa mpira, na kwa mwenye sentimita 60 uwezekano ulipanda hadi asilimia 35. Utepe wa fundi cherehani unatosha kupata taarifa hiyo.

Kutoka kioo hadi kamera

Haja ya kuona ndani ya koo ni ya zamani. Mwaka 1854, Manuel García, mwalimu wa uimbaji mzaliwa wa Hispania aliyeishi London, alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kuzitazama nyuzi zake mwenyewe za sauti.

Kifaa kinachotumika hadi leo katika vyumba vingi vya upasuaji ni kile kilichobuniwa na Robert Macintosh wa Oxford, Uingereza, mwaka 1943. Ni mpini wenye betri na bapa la chuma lililopinda kidogo, lenye taa. Mtaalamu huliingiza kinywani, huunyanyua ulimi na kidakatonge, kisha hutazama moja kwa moja hadi kwenye nyuzi za sauti, mahali mpira unapotakiwa kupita.

Ugumu wa kifaa hicho ni kwamba macho ya mtaalamu, kinywa na zoloto la mgonjwa lazima viwe katika mstari mmoja ulionyooka. Kwa mgonjwa mnene, kuupata mstari huo huhitaji nguvu na mara nyingine haiwezekani kabisa.

Mwaka 2001, daktari wa upasuaji wa Canada, John Pacey, alileta GlideScope, kifaa chenye kamera karibu na ncha ya bapa. Kwa kuwa kamera huona nyuma ya kona, haja ya mstari ulionyooka ikaondoka. Baada ya hapo vilifuata vifaa vingine kama McGrath kutoka Scotland, Airtraq kutoka Hispania, Pentax AWS kutoka Japan na C-MAC ya kampuni ya Karl Storz ya Ujerumani.

Familia tatu za vifaa

Majina ya biashara ni mengi, lakini wataalamu huvigawa vifaa hivyo katika makundi matatu kulingana na umbo la bapa.

Kundi la kwanza lina bapa lenye umbo lile lile la Macintosh, isipokuwa limeongezwa kamera. Faida yake ni kuwa mtaalamu anaweza kutazama kwenye skrini au moja kwa moja kwa macho. Kamera ikichafuka kwa damu au skrini ikizimika, kazi huendelea kama zamani. C-MAC yenye bapa la kawaida ni mfano wake.

Kundi la pili lina bapa lililopinda sana. Hilo huona vizuri mno hata kwa mgonjwa ambaye shingo yake haigeuki. GlideScope ya awali ni ya kundi hilo. Ugumu wake ni kuwa mpira nao lazima upitie kona hiyo kali, hivyo huhitaji waya mgumu wa kuukunja. Mtaalamu anaweza kuziona nyuzi za sauti waziwazi kwenye skrini, huku mpira ukigoma kuzifikia.

Kundi la tatu lina mfereji ubavuni mwa bapa ambamo mpira hupachikwa mapema. Kifaa kikielekezwa sawasawa, mpira husukumwa na kuteleza hadi mahali pake. Airtraq, ambayo kwa asili yake hutumia vioo badala ya kamera, na Pentax AWS ni mifano yake. Vifaa vya namna hiyo huwa vinene, hivyo kinywa kisichofunguka vizuri huvikataa.

Ni vyema kufahamu kuwa jina la kampuni halitoshi kuonyesha kifaa ni cha kundi gani. GlideScope na McGrath za sasa zinapatikana pia zikiwa na bapa lenye umbo la Macintosh, na C-MAC ina bapa lililopinda sana kwa wagonjwa wagumu.

Tafiti zinasemaje?

Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wagonjwa 106 wenye unene uliokithiri, Airtraq iliweka mpira kwa wastani wa sekunde 24, wakati Macintosh ilichukua sekunde 56. Wagonjwa tisa wa kundi la Macintosh walishuka oksijeni hadi asilimia 92 au chini yake, ikilinganishwa na mmoja tu wa kundi la Airtraq.

Matokeo ya Denmark ya mwaka 2011 yalitoa sura tofauti. Katika wagonjwa 100, GlideScope ilionyesha nyuzi za sauti vizuri zaidi, lakini ilichukua sekunde 48 na Macintosh sekunde 32. Hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kuona na kufika.

Uholanzi walivishindanisha vifaa vya video vyenyewe kwa vyenyewe. Katika utafiti wa mwaka 2009 kwa wagonjwa 150 wenye unene uliokithiri, kifaa cha Storz chenye bapa la umbo la Macintosh kiliweka mpira kwa karibu nusu ya muda uliotumiwa na GlideScope na McGrath za wakati huo. Aidha, haja ya waya wa kuongozea ilikuwa ndogo zaidi.

Kwa upande wa picha kubwa, taasisi ya Cochrane ilichapisha mwaka 2022 uchambuzi wa tafiti 222 zenye washiriki zaidi ya 26,000 wa uzito wa kila aina. Makundi yote matatu ya vifaa vya video yalipunguza idadi ya majaribio yaliyoshindwa. Vifaa vyenye bapa lililopinda sana vilipunguza pia matukio ya mpira kuingia kwenye umio.

Ushahidi umeendelea kuongezeka. Katika vyumba vya dharura na vya wagonjwa mahututi nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2023 kwa watu 1,417 ulionyesha kuwa jaribio la kwanza lilifaulu kwa asilimia 85 kwa video na asilimia 71 kwa njia ya zamani. Mwaka 2024, hospitali moja ya Cleveland iliripoti upasuaji 8,429, ambapo waliohitaji zaidi ya jaribio moja walikuwa asilimia 1.7 kwa video na asilimia 7.6 kwa kifaa cha kawaida.

Kwa hiyo swali la iwapo video inasaidia limekwishajibiwa. Linalobaki ni kifaa kipi kiwekwe wapi.

Mazingira ya hospitali ya wilaya

Katika hospitali nyingi za wilaya nchini, dawa ya usingizi hutolewa na wauguzi na maofisa tabibu waliosomea fani hiyo kwenye vituo kama KCMC mjini Moshi. Wengi wao wameizoea Macintosh kwa miaka mingi. Kifaa chenye umbo hilo hilo lakini kikiwa na kamera huwaongezea uwezo bila kuwalazimisha kujifunza upya. Pia mwalimu na mwanafunzi huona picha moja kwenye skrini, jambo ambalo hurahisisha mafunzo.

Bapa lililopinda sana linaweza kuongezwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye bapa la kawaida limeshindwa, ilimradi waya wake wa kuongozea uwepo. Kulinunua lenyewe peke yake ni kujiweka katika hali ambayo kifaa kikiharibika, hakuna njia ya kurudi nyuma.

Umeme ni jambo jingine. Kifaa kinachotumia betri za kawaida au kuchajiwa mapema kinafaa zaidi kuliko kinachotegemea waya ukutani. Aidha, wanunuzi hawana budi kuuliza bei ya vifaa vya kila siku. Baadhi ya mashine hutumia vifuniko vya plastiki vya kutupwa baada ya mgonjwa mmoja. Vifuniko vikiisha na bajeti ikichelewa, mashine ya maelfu ya dola hubaki kabatini, au, vibaya zaidi, vifuniko huoshwa na kurudiwa kinyume cha maelekezo.

Katika nchi mbalimbali, wataalamu wamejaribu kufunga kamera ndogo za bei nafuu kwenye bapa la Macintosh na kuiona picha kupitia simu ya mkononi. Wazo hilo linatia moyo, lakini kamera isiyoweza kutakaswa vizuri huhamisha vijidudu kutoka koo moja hadi jingine.

Vilevile, kifaa cha video hakipaswi kuhifadhiwa kwa ajili ya siku ya dharura pekee. Anayekitumia mara moja kwa mwaka hawezi kukimudu usiku wa manane mbele ya mgonjwa mwenye kilo 130. Kinapaswa kutumika kwa wagonjwa wa kawaida ili mikono ikizoee.

Yasiyohitaji kamera

Yapo mambo ya gharama ndogo ambayo hakuna kamera inayoweza kuyafidia. La kwanza ni mkao. Mgonjwa mnene hulazwa juu ya mteremko wa mito au blanketi zilizokunjwa kuanzia mgongoni hadi kichwani, hadi tundu la sikio lilingane na kifua chake cha juu. Mkao huo hurahisisha kuona koo. Meza ikiinuliwa upande wa kichwa kwa nyuzi takriban 25 wakati wa kuvuta oksijeni, akiba ya hewa huongezeka.

La pili ni buji, fimbo nyembamba inayopindika ambayo hutangulizwa kwenye bomba la hewa na mpira kuteleza juu yake. Macintosh mwenyewe aliandika kuhusu matumizi yake mwaka 1949, na bado ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu na vya msaada mkubwa.

La tatu ni uthibitisho. Njia ya kuaminika zaidi ya kujua kuwa mpira umo kwenye njia ya hewa ni kupima hewa ya ukaa inayotoka kila pumzi kwa mashine iitwayo kapnografu. Viwango vya Shirika la Afya Duniani na shirikisho la wataalamu wa usingizi duniani vya mwaka 2018 vinasisitiza kuwepo kwa kipimo cha hewa hiyo kwa mgonjwa aliyewekewa mpira. Hospitali yenye kamera bila kipimo hicho imeacha pengo katika ulinzi wa mgonjwa.

La nne ni mpango wa pili na wa tatu. Uchunguzi wa kitaifa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulichambua matukio 184 mazito ya njia ya hewa, na zaidi ya theluthi moja yaliwapata watu wanene. Mara kwa mara ilibainika kuwa hatari haikupimwa mapema, au hakukuwa na mpango baada ya jaribio la kwanza kushindwa. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 uliweka ukomo wa majaribio matatu, na la nne kwa mtaalamu mwenye uzoefu zaidi. Kurudia bila ukomo huvimbisha koo na kumfungia mgonjwa hata njia ya kupuliziwa hewa kwa barakoa.

Pale inapowezekana, ganzi ya uti wa mgongo humwepusha mgonjwa na mpira kabisa, na ndiyo inayopendelewa kwa wajawazito wengi. Hata hivyo, kwa mtu mnene sindano hiyo inaweza kushindwa, hivyo vifaa vya koo lazima viwe tayari pembeni.

Mgonjwa afanye nini?

Mwenye unene uliokithiri anayetarajia upasuaji usio wa dharura ana nafasi ya kupunguza hatari. Anapaswa kuonana na mtaalamu wa usingizi siku kadhaa kabla, na kumweleza iwapo hukoroma sana, hukatika pumzi usingizini, au aliwahi kupata shida ya kuwekewa mpira hapo awali. Ni vyema taarifa hiyo ya mwisho iandikwe kwenye kadi yake ili imfuate kila hospitali.

Anapaswa pia kuzingatia masharti ya kufunga: kutokula kwa angalau saa sita na kutokunywa maji kwa saa mbili kabla ya upasuaji, au kama atakavyoelekezwa. Chakula kilichobaki tumboni kinaweza kupanda na kuingia kwenye mapafu.

Kwa mgonjwa wa Kondoa mwenye shingo nene, kinywa kisichofunguka vizuri na upasuaji unaoweza kusubiri, rufaa ya kwenda Dodoma ni uamuzi wa busara na si udhaifu wa hospitali iliyompeleka. Kwa yule asiyeweza kusubiri, usalama wake utategemea vilivyomo chumbani usiku huo: mikono iliyozoea, mito ya kumwinua, oksijeni ya kutosha, buji, kamera yenye chaji na kipimo cha kuthibitisha kuwa mpira uko mahali pake.